Mboni ya Jicho Yenyewe

Haupiti mkutano wa hadhara bila msemaji kuwaambia wananchi kwamba umoja wao waulinde kama mboni ya jicho. Maneno hayo twayapenda, na katika safu hii tumeyaandika mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Leo lakini twataka kuzungumza juu ya mboni yenyewe, ile nyeusi iliyo katikati ya jicho la mfanyakazi, na juu ya dawa ya matone ambayo matabibu huitia jichoni ili kuitanua na kuona yaliyo nyuma yake. Tumesukumwa kufanya hivyo na jambo lililotokea katika chumba chetu wenyewe.

Ndugu mmoja anayesahihisha kurasa za gazeti, mtu wa makamo mwenye ugonjwa wa kisukari, aliomba ruhusa ya asubuhi aende kupimwa macho. Alirudi saa saba mchana amejikinga uso kwa kiganja kama mtu aliyetoka pangoni. Alipoketi mezani, herufi zote zilikuwa zimeungana zikawa ukungu. Twaungama kwamba neno letu la kwanza kwake halikuwa la pole. Tulimwuliza ni dawa gani hiyo imfanyayo mtu mzima ashindwe kusoma, na kwa nini hakungoja siku ya mapumziko. Ukurasa ulichelewa, nasi tukanung'unika. Ni jioni tu, kazi ilipokwisha, ndipo tulipoona haya; kwani alitueleza kwamba daktari alikuwa ameona nyuma ya jicho lake la kushoto vijidoa vya damu ambavyo yeye hakuwa na habari navyo. Hakuwa akiumwa, wala hakuwa akiona vibaya. Bila ya matone yale, vijidoa vile vingeendelea kujificha.

Mboni si kitu chenye mwili, ni mlango. Nuru ikiwa kali, msuli mdogo unaouzunguka huufinya. Giza likiingia, mlango hupanuka. Sasa tabibu akimulika taa ili achungulie ndani, mlango hujifunga mbele ya taa yake, naye hubaki kama mtu anayekagua ghala kwa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Matone huulegeza msuli ule, mlango ukabaki wazi hata mbele ya mwanga. Ndipo tabibu huweza kuuona vizuri utando wa nyuma unaopokea sura ya vitu, mishipa ya damu iliyotandaa juu yake, na mahali ambapo mshipa wa fahamu unatoka kuelekea kwenye ubongo. Chombo cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai kilitangazwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851, na tangu hapo ugonjwa mwingi uliokuwa ukidhaniwa ni mkosi umejulikana chanzo chake.

Dawa ya namna hii ni ya kale kuliko chombo hicho. Wanawake wa Italia walikuwa wakitia machoni maji ya mmea wenye sumu ili mboni zao zitanuke wapendeze, na ndiyo sababu mmea huo ukaitwa kwa lugha yao belladonna, yaani mwanamke mzuri. Hata sisi tunao jamaa wa mmea huo, nao ni mnanaha. Mtu akipalilia penye mnanaha kisha akajifikicha jicho kwa mkono usionawa, aweza kujikuta mboni moja imetanuka na jicho haliwezi kusoma, asijue limepatwa na nini. Uzuri ule wa Italia, basi, ulikuwa wa kununuliwa kwa sumu, na katika dawa za leo hatari ile haikwisha yote. Imepimwa tu, ikatiwa kipimo chake.

Tumesikia watu wakisema kwamba matone hayo hupofusha. Huo ni uvumi, na umewazuia wengi kwenda kupimwa. Ukweli ni kwamba hufanya macho yaone ukungu kwa karibu na yaumizwe na nuru, kisha hali hiyo huondoka yenyewe. Itaondoka baada ya muda gani? Hapo ndipo penye kuuliza, kwa kuwa dawa hizo si moja. Ile itumiwayo zaidi kwa watu wazima, tropikamaidi, huanza kazi kwa dakika 20 hadi 30, na kwa kawaida nguvu yake hupungua baada ya saa 4 hadi 8, ingawa kwa wengine hufika kesho yake. Saiklopentoleti huweza kuchukua siku nzima. Atropini, ambayo hutumiwa sana kwa watoto na kwa matibabu maalumu, huweza kukaa jichoni wiki moja au mbili. Mgonjwa asiyeambiwa jina la dawa yake atahangaika usiku kucha bure. Na wale wanaonung'unika kwenye foleni kwamba wametiwa matone mara mbili au tatu wajue kwamba macho meusi kama yetu huishika dawa na kuchelewa kutanuka kuliko macho ya rangi hafifu. Muuguzi anayerudia tone hajakosea.

Lakini si kila mtu wa kutiwa tone bila ya kuulizwa neno. Wapo watu ambao nafasi ya mbele ya jicho lao ni nyembamba, na mboni ikitanuka njia ya maji ya jicho huweza kuzibika, shinikizo likapanda ghafula. Jambo hili ni la nadra sana, na tabibu aweza kuitazama nafasi hiyo kwa taa kabla ya kutia dawa. Likitokea, jicho huuma sana na kuwa jekundu, kichwa hugonga, mtu huona duara za rangi kuzunguka taa, akatapika. Huyo asilale akingoja asubuhi. Arudi hospitali saa ileile, kwa maana kila saa inayopita huula mshipa wa fahamu. Wala asitokee mtu akasema kwamba mwenye presha ya macho hatiwi matone kamwe. Namna ya ugonjwa huo iliyoenea zaidi kwa watu weusi siyo ile ya njia nyembamba, na mara nyingi daktari huyahitaji matone hayohayo ili auone mshipa ulivyoliwa. Mgonjwa aseme ana ugonjwa gani, na daktari ndiye aamue. Vivyo hivyo mwenye shinikizo la damu au moyo mbovu aseme, kwa sababu dawa moja ya jamii hii, fenilefrini, hasa ile ya nguvu ya asilimia 10, huweza kulipandisha shinikizo hilo. Mama mjamzito naye aseme.

Kwa watoto uangalifu uzidi. Tone la jichoni hushuka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kuingia katika damu, na mwili wa mtoto ni mdogo. Ndiyo maana muuguzi mwema, baada ya kutia dawa, hubonyeza pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Mtoto akiwa mwekundu usoni, mwenye homa, mdomo mkavu, akasema maneno yasiyo na maana, apelekwe kwa daktari mara moja. Na chupa isikae dirishani nyumbani! Tunajua mazoea yetu: jicho la jirani likiwa jekundu, chupa iliyobaki huvuka ua kama kibaba cha chumvi. Dawa hii si ya macho mekundu. Haiazimwi, wala hainunuliwi dukani kwa kubahatisha.

Sasa twafikia lililotuuma zaidi. Mtu aliyetanuliwa mboni hafai siku hiyo kushika usukani, wala kupanda ngazi ndefu, wala kusimama mbele ya msumeno wa mashine. Jua la mchana humpofua kwa muda, na saa za mashine huzisoma kwa kubahatisha. Jambo hili kila tabibu analijua. Hata hivyo tunawafahamu madereva waliotoka kwenye kupimwa macho wakakuta gari limekwisha pakiwa, na msimamizi amesimama na saa mkononi akisema, "Ni matone tu hayo." Zamani msimamizi wa namna hiyo tulimwita mnyapara. Hatuoni sababu ya kumbadilishia jina.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, madhali analeta cheti cha tabibu. Hatuoni ni kwa hoja gani mwajiri atainyima siku moja ya macho mahali pake humo. Kwa hiyo tunawaomba matabibu wasimwache mgonjwa aondoke mikono mitupu. Wamwandikie cheti, na wamwambie mapema, siku ya kupewa miadi, kwamba aje na mtu wa kumshika mkono na asije na gari. Kumweleza mtu baada ya tone kwisha kuingia ni kumweleza akiwa amekwisha kuchelewa. Wapo pia watakaokichukua cheti hicho wakakaa kilabuni hadi usiku. Hao hatuwatetei.

Na je, kijana wa bodaboda ambaye hana mwajiri wala cheti? Yeye siku asiyoendesha hana chakula, na mwenye pikipiki anangoja hesabu yake jioni. Tukimwambia akapumzike tu, tumemwambia maneno matupu. Vyama vyao vya kijiweni, ambavyo huchangiana kwa misiba na kwa ajali, vingeweza kuihesabu siku ya macho kuwa ni shida ya mwenzao, na mwenye pikipiki akaisamehe hesabu ya siku moja. Hasara ya siku moja kwake ni ndogo kuliko pikipiki iliyoingia chini ya lori.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba watu wapatao bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba si chini ya bilioni moja kati yao upungufu wao ungeweza kuzuiwa au haujapata matibabu. Mgonjwa wa kisukari cha watu wazima hushauriwa kuchunguzwa macho mara tu ugonjwa unapojulikana, kisha kwa kawaida kila mwaka, hata kama anaona sawasawa. Wanachama wetu wenye ugonjwa huo ni wengi, na wengi wao wangali wakingoja kwanza waone vibaya.

Ndugu yetu msahihishaji atarudi kliniki mwezi ujao. Zamu yake ya siku hiyo imekwisha kupangiwa mtu mwingine, na kijana mmoja wa mtambo amejitolea kumsindikiza.