Simu za Wapalestina kwenye ghala la Microsoft

Kampuni ya kompyuta inaingiaje kwenye vita vya Gaza? Swali hilo linakuja mara kwa mara kila tunaposoma habari za Israel na Microsoft, na dakika mbili za taarifa ya habari hazitoshi kulijibu. Tulijibu hapa kwa kituo.

Tuanze na neno "wingu". Ukisikia data zimehifadhiwa kwenye wingu, usitazame juu. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, yanayokula umeme mwingi, na mwenye mali hulipia nafasi. Wakulima wa korosho na ufuta wanaojua stakabadhi ghalani wataelewa haraka: mzigo ni wako, ghala ni la mwingine. Wingu la Microsoft linaitwa Azure, na wateja wake ni mabenki, hospitali, serikali na majeshi.

Agosti 2025, gazeti la The Guardian la Uingereza, likishirikiana na jarida la +972 na chombo cha Kiebrania cha Local Call, lilieleza kilichokuwa kwenye ghala mojawapo. Kikosi cha 8200, ambacho ni kitengo cha ujasusi wa mawasiliano cha jeshi la Israel, kilikuwa kikihifadhi humo simu za Wapalestina wa Gaza na Ukingo wa Magharibi. Si simu za washukiwa peke yao. Ni za watu wa kawaida, mama akimuulizia mwanawe, fundi akielewana bei na mteja. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, hadi Julai mwaka huo kulikuwa na terabaiti 11,500 za data za jeshi kwenye mitambo iliyoko Uholanzi, sawa na saa milioni 200 hivi za sauti. Ukikaa kuzisikiliza zote usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 22,000.

Kwa nini jeshi lenye teknolojia kubwa namna hiyo likodi ghala la mtu? Kwa sababu mzigo ulizidi uwezo wa mitambo yake lenyewe. Kuzinasa simu halikuwa tatizo, maana mitandao ya Wapalestina inategemea miundombinu na vibali vya Israel. Gaza bado ilikuwa kwenye 2G wakati wenzao wanazungumzia 5G. Kazi ilikuwa kuzitunza na kuzipekua. Vyanzo vya waandishi hao vilisema simu hizo zilitumika hata katika kutafuta shabaha za mabomu Gaza.

Ripoti ilisema pia kwamba mwishoni mwa 2021 mkuu wa kikosi hicho alikutana na mkurugenzi mkuu wa Microsoft, Satya Nadella. Kampuni ilijibu kuwa Nadella hakujua ni data za aina gani zingewekwa.

Uhusiano wenyewe ni wa zamani. Microsoft ilifungua kituo cha utafiti Israel mwaka 1991, cha kwanza nje ya Marekani. Imeajiri maelfu huko na kununua kampuni za wenyeji, kwa mfano Adallom mwaka 2015. Vijana wengi wanaomaliza jeshi kwenye Kikosi cha 8200 huenda moja kwa moja kwenye kampuni za teknolojia, kwa hiyo muuzaji na mnunuzi mara nyingi wanafahamiana tangu zamani. Mimi naona hapo ndipo penye uzito kuliko mkataba wowote.

Mei 2025 kampuni ilisema imechunguza na haikupata ushahidi kwamba teknolojia yake ilitumika kuwadhuru watu wa Gaza. Septemba 25, baada ya ripoti ile, rais wake Brad Smith alitangaza kuwa wamezima baadhi ya huduma kwa kitengo kimoja cha Wizara ya Ulinzi ya Israel. Alisema faragha ya mteja iliwazuia kufungua data zenyewe, hivyo waliangalia kumbukumbu zao za biashara. Yaani mwenye ghala alihitaji waandishi wa habari ndipo ashtuke kuhusu mzigo. Utetezi wa faragha una maana kwa mteja anayelipa. Mwenye sauti iliyorekodiwa hakuwahi kuwa mteja.

Jambo hili lina jirani hapa kwetu. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data Olkaria kwa umeme wa jotoardhi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, Tanzania ina yake ya 2022.

Huko Israel, huduma zilizozimwa ni za kitengo hicho tu. Kazi ya kulinda mitandao ya nchi hiyo inaendelea, Smith mwenyewe alisema. Wafanyakazi kadhaa waliopinga mikataba hiyo ndani ya ofisi za kampuni walifukuzwa kazi kabla tangazo la Septemba halijatoka.