Gari la babu si vyuma vikuukuu

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize swali dogo Jumapili hii. Gari la kwanza kabisa kumilikiwa katika ukoo wenu lilikuwa la aina gani? Na leo liko wapi?

Sehemu ya kwanza ya swali hili wengi huijibu kwa fahari. Utasikia "Peugeot 404 ya babu," au "Datsun ya mjomba, ile iliyompeleka mama hospitalini usiku niliozaliwa." Ni sehemu ya pili inayowafanya watu wainamishe macho. Gari lilikaa nyuma ya nyumba miaka kadhaa, kuku wakataga mayai katika kiti cha nyuma, kisha siku moja akaja mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mizani yake. Gari lililolea ukoo mzima likauzwa kwa kilo.

Na baadaye je? Wakazi wa Kitengela wanaweza kujibu hilo bila kwenda mbali. Jirani yao tu, Athi River, kuna viwanda vinavyoyeyusha vyuma na kutengeneza nondo. Nondo hizo ndizo zinazosimamisha majumba ya ghorofa, na Kitengela ni mji ambao majumba hayajakoma kuota. Katika sensa ya 2019 ulikuwa na zaidi ya watu 150,000, ilhali wazee wanaukumbuka ukiwa kituo kidogo tu cha njiani mwendapo Kajiado na Namanga. Basi wewe uliyepanga huko, usishangae ikiwa nguzo ya sebule yako iliwahi kuwa mlango wa Peugeot.

Sisemi kwamba biashara hiyo ni haramu. Wapo watu wengi wanaosomesha watoto kwayo, na tangu 2015 ina sheria yake. Mnamo Januari 2022 serikali ilipoipiga marufuku kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme, familia nyingi zililala njaa. Ninalolilia mimi ni jambo moja: hakuna anayesimama kando ya mizani kuuliza, "Je, hili nalo lina historia?"

GARI LETU NI LIPI?

Ukitaja magari ya kale, wengi huyafikiria yale ya kizungu yenye taa kubwa kama sufuria, yanayotolewa gerejini mara moja kwa mwaka. Hayo yapo, na yana wenyewe. Tangu 1970 wapenzi wa magari nchini wamekuwa na mashindano yao ya Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road jijini Nairobi. Waamuzi hukagua injini, rangi, viti na hata uvungu wa gari wakitafuta chembe ya vumbi. Ni siku ya kupendeza, na nakuhimiza upeleke watoto.

Lakini historia ya gari nchini Kenya haiishii kwa walioweza kung'arisha. Matatu ni sehemu ya historia hiyo. Jina lenyewe lilitokana na nauli ya senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi. Mnamo 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo mji na kijiji vikakaribiana. Peugeot 504 zenye safu tatu za viti ziliwapeleka watu Nakuru, Kisumu na Nyeri kwa kasi iliyowafanya akina nyanya kusali njia nzima.

Na gari hilo, ingawa jina lake ni la Kifaransa, lilikuwa pia letu. Katika miaka ya 1970 viwanda vya kuunganisha magari vilifunguliwa Nairobi, Thika na Mombasa. Ufaransa iliacha kuunda 504 za kawaida mnamo 1983, lakini hapa Kenya ziliendelea kuunganishwa hadi 2004. Kwa miaka zaidi ya ishirini mikono ya Wakenya ilikuwa ikikaza nati za gari ambalo wenye nchi yake walikwisha kuliaga. Ni watoto wangapi wa shule wanaolijua hilo?

Kisha kuna Safari Rally. Yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mnamo 1963, na tena mnamo 1968, matope na mito vilimeza karibu magari yote hata yakamaliza saba tu, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot 404. Joginder Singh, fundi na dereva wetu mwenye kilemba, alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote kwa Datsun. Unafikiri ni kwa nini baba zetu walizinunua Peugeot na Datsun kwa wingi? Waliziona kwa macho yao zikipita katika tope lile lile walilopita wao.

Watu wa Kajiado ni mashahidi wa mambo hayo. Katika miaka ya mwisho ya Safari kuwa katika ubingwa wa dunia kabla ya kuondolewa, hadi 2002 aliposhinda Colin McRae, magari yalitimua vumbi katika sehemu zilizoitwa Kajiado na Oltepesi. Vijana waliokuwa wakichunga ng'ombe siku hizo leo ni wazazi. Mashindano yaliporejea katika ubingwa huo mnamo 2021, kitovu chake kilikuwa Naivasha, na watoto wa Kajiado wakayatazama katika simu.

Halafu usisahau Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya hata likiwa baya na la mwendo wa pole. Wahandisi wakaunda matano ya majaribio, yakazinduliwa 1990, na yakafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Kiwanda kilichokusudiwa hakikuyaleta magari hayo sokoni, na watu wengi huyataja kwa kicheko. Mimi naona gari lililoshindwa kuingia sokoni linaweza kumfunza mwanafunzi wa uhandisi kuliko lililofaulu, mradi alione na alishike.

KUNG'ARISHA AU KUHIFADHI?

Hapa msomaji wangu lazima tutofautishe mambo mawili, kwa maana kuna watu wenye nia njema wanaoiharibu historia wakidhani wanaiokoa.

Kulifufua gari la kale ni kazi ya subira. Fundi hulivua lote hadi kwenye chesisi, akipiga picha kila hatua na kutia nati katika mikebe yenye majina. Hukwangua kutu, hukata bati lililooza na kuchomelea jipya, hupiga msasa, hupaka rangi ya msingi kisha rangi yenyewe. Mipira yote ya breki hubadilishwa, kwa kuwa mpira hufa hata gari likiwa limesimama. Waya za umeme huvutwa upya. Na injini nazo zina siri yake: nyingi ziliundwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo yalilinda vali zisilike. Petroli hiyo iliondolewa nchini kufikia mwanzo wa 2006, hivyo baadhi ya injini hizo huhitaji kuwekewa makalio magumu ya vali, la sivyo zitalika polepole.

Nani anayajua hayo? Fundi kijana wa leo huchomeka kompyuta, nayo humwambia penye ugonjwa. Gari la 1972 halina pa kuchomeka kitu. Lina kabureta na masikio ya fundi. Wazee wanaoweza kulisikiliza na kusema "silinda ya tatu haichomi" bado wapo katika gereji za jua kali, lakini wanapungua kila mwaka. Gari la kale likiyeyushwa, na ujuzi huo hukosa mahali pa kufundishiwa.

Hata hivyo, si kila gari linalostahili kuhifadhiwa linastahili kung'arishwa. Chukua Peugeot iliyokuwa matatu. Ukiipaka rangi mpya na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, utakuwa umefuta maisha yake yote. Historia yake imo katika maneno yaliyochorwa ubavuni, katika mabati yaliyochakazwa na mikono ya makanga, na katika benchi la mbao lililoongezwa ili nafasi ya watatu ikaliwe na watano. Gari kama hilo linahitaji kutu isimamishwe, wadudu watolewe, na makovu yaachwe yaonekane. Mashindano huheshimu gari lisilo na doa. Makumbusho yanapaswa kuheshimu pia doa lenye hadithi.

KWA NINI KAJIADO?

Utaniuliza, makumbusho hayo yawe wapi? Nami nakujibu bila kusita: kando ya barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na Kajiado.

Sababu ya kwanza ni hewa. Adui wa gari ni unyevu na chumvi. Mwulize mkazi yeyote wa Mombasa gari lake huliwa na kutu kwa muda gani. Kajiado ni kukavu, na bati hudumu zaidi huko. Sababu ya pili ni njia. Barabara hiyo huwachukua watalii waendao Amboseli na wasafiri wa Arusha, na basi la shule kutoka Nairobi linaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Sababu ya tatu ni mikono: mafundi wa kuchomelea, wa kunyoosha bodi na wa kushona viti wamejaa Kitengela.

Reli yetu ina makumbusho yake Nairobi tangu 1971. Humo mtoto huliona lile behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi aitwaye Ryall huko Kima mwaka 1900, na akishaliona haisahau hadithi hiyo maishani. Wala kuanza hakuhitaji mamilioni. Makumbusho ya magari ya Beaulieu nchini Uingereza, ambayo leo yanajulikana duniani kote, yalianza 1952 kwa magari matano tu yaliyowekwa ukumbini mwa nyumba ya mtu.

Sheria nayo iko upande wetu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inayataja makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo mkazi wa Kajiado anapoliuliza jambo hili katika kikao cha bajeti, haombi hisani. Tena wakati hautungoji. Kwa jumla kanuni za viwango zinakataza kuingiza nchini magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo magari ya kale tuliyo nayo si rahisi kupata badala yake. Likishaingia tanuruni, limekwenda.

KAZI YA NYUMBANI

Wakati tukiingoja serikali, kuna mambo unayoweza kuyafanya wiki hii.

Kwanza, tafuta kitabu cha usajili cha lile gari, hata kama gari lenyewe halipo. Vile vitabu vya zamani viliandikwa mwenye gari mmoja baada ya mwingine, na jina la babu yako likifuata la mwalimu fulani wa Machakos, hiyo tayari ni historia ya nchi. Usikitupe.

Pili, kusanya picha. Karibu kila familia ina picha ya watu waliojipanga mbele ya gari siku ya harusi au ya mahafali. Andika nyuma yake mwaka, mahali na majina, kabla anayeyakumbuka hajaondoka.

Tatu, ninyi wanafunzi, hasa wa vyuo vya ufundi: nendeni kwa fundi mzee wa mtaani mkamrekodi kwa simu zenu akieleza namna ya kurekebisha kabureta. Tena shawishini chuo kipokee gari moja bovu liwe somo la darasa zima. Mtahitimu mkijua kitu ambacho kompyuta haitawafundisha.

Nne, ikiwa bado mnalo gari hilo nyuma ya nyumba, lifunikeni, mliinue kwa mawe matairi yasioze, na mwambie mwenye mizani arudi siku nyingine. Kisha mwite mtu anayejua magari ya kale alikague kwanza.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nasi tumependa vipya hata tukasahau vilivyotufikisha hapa. Chakula cha mchana kikiisha leo, mwulize mzee wa nyumba lile swali langu la kwanza, kisha ukae kitako umsikilize. Usikose kalamu mkononi.

Tukijaaliwa, tukutane Jumapili ijayo.