Ugali Unasingiziwa, Mafuta Yanapeta

Kuna klipu ya mrembo mmoja wa mjini, mwenye wafuasi kibao, imezunguka sana kwenye simu za watu. Yuko jikoni, kucha ndefu, jiko linang'aa. Anashika kopo la mafuta ya kupuliza, anapuliza kwenye kikaango psssss mpaka kinameremeta, halafu anageukia kamera: "Sifuri kalori, wapenzi!" Kisha anawakumbusha mashabiki kwamba mpango wake wa wiki nne wa kupunguza mwili bado unauzwa, na sharti namba moja ni kuachana na ugali.

Chini ya posti hiyo mdada mmoja akaandika kwamba alishalipia, yuko wiki ya tatu hajagusa ugali wala wali, anakula mchicha na yai, ila mzani uko palepale. Watu wakamjia juu. Wengine wakamwita mvivu, wengine wakasema lazima anakula usiku kwa kujificha. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali dogo tu: huo mchicha anauunga kwa mafuta kiasi gani?

Hapo ndipo penye ishu.

Kwanza hilo kopo. Ndani yake kuna mafuta yaleyale ya kupikia, ila yamewekewa namna ya kuyasukuma yatoke kama mvuke. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, iwe imemiminwa au imepulizwa. Sasa sifuri inatoka wapi? Inatoka kwenye lebo. Kwa kanuni za Marekani, kipimo kimoja cha chakula kikiwa na kalori chini ya 5, kinaruhusiwa kuandikwa 0. Basi wenye makopo wanaweka kipimo kidogo kinoma: kupuliza kwa karibu robo sekunde, kama robo gramu hivi. Hiyo ni kalori 2 na ushee. Lebo inasoma 0 na hakuna sheria iliyovunjwa.

Lakini nani anapuliza robo sekunde? Hapo hata yai halijateleza. Mrembo kwenye klipu alipuliza kama sekunde sita, yaani karibu gramu 6, zaidi ya kalori 50. Kusema haki, kalori 50 si balaa, na kopo lake linasaidia kweli, kwa sababu linatandaza mafuta kidogo yakaenea kikaango kizima. Angesema "kalori kidogo" asingekuwa na kosa lolote. Kosa ni hiyo sifuri.

Maana mashabiki wake wengi hata hilo kopo hawana. Wana chupa ya alizeti, au mafuta ya kupima kutoka dukani kwa Mangi. Wanachoondoka nacho kwenye klipu ni kwamba adui ni ugali, mafuta hayana neno. Na hesabu inasema kinyume. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu kalori 120. Vijiko vitatu ni 360, sawa kabisa na gramu 100 za unga wa sembe. Kwa hiyo mtu anajinyima ugali mchana kutwa, tumbo linanguruma, halafu jioni anaunga mchicha kwa kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Vijiko vitatu vinashuka fasta, na hakuna aliyeviona.

Jina la mafuta nalo lisimdanganye mtu. Ya mzeituni, ya nazi, ya alizeti, ya mawese, kwa kalori yote ni walewale. Yapi ni mazuri zaidi kwa moyo, hiyo ni habari nyingine.

Cha kuchekesha, mafuta hayohayo yanapimwa vizuri sana yakiwa dukani. Mtoto akitumwa mafuta ya jero, macho yote kwenye kipimo, isipotee hata tone. Yakifika jikoni, kipimo kinakuwa mkono wa mpishi.

Na kujua ukweli hakuhitaji mpango wa staa yeyote. Chupa mpya ikifunguliwa, iandikwe tarehe. Lita 1 ya mafuta ina karibu kalori 8,200. Ikiisha kwa siku 10 kwenye nyumba ya watu wawili, kila mmoja amekula kama kalori 410 kwa siku kutoka kwenye mafuta peke yake, ukiacha yale yaliyobaki kwenye kikaango yakamwagwa. Nyumba nyingi zikipiga hesabu hiyo zitashtuka.

Hii haina maana mafuta yapigwe marufuku. Mwili unayahitaji, vitamini A, D, E na K zinafyonzwa kwa msaada wake, na mchicha wa kuchemsha tupu ni adhabu, bana. Ila kijiko kidogo cha chai, karibu kalori 40, kinatosha kabisa kukaangia kitunguu na nyanya za watu wawili. Mafuta yapite kwenye kijiko kabla ya kufika kwenye sufuria, basi. Na hapo nafasi ya kipande cha ugali inapatikana bila mtu kulala njaa.

Anayechukua hela za watu ili awapunguze mwili anatakiwa awape hesabu yote, siyo ile inayopendeza kwenye kamera tu. Yule mdada wa wiki ya tatu hajathibitishwa kuwa mvivu wala mwizi wa chakula usiku. Kinachojulikana ni kwamba amekaa na njaa wiki tatu, ametukanwa mbele za watu, na kwenye mpango aliolipia hakuna aliyemwambia ashike kijiko.

Na kwenu je, mafuta yanapimwa au yanamiminwa tu?