Kitabu Kilichotoka kwa Vipande: Fundisho kwa Mwalimu wa Kusoma

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, huanza somo la kusoma kwa kuandika ubaoni jina la kitabu na jina la mwandishi. Akisha kufanya hivyo huona kwamba amelipa deni la utangulizi, naye huingia mara moja katika maneno magumu na maswali ya ufahamu. Mimi nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi, hata siku moja mtoto wa Darasa la Tano, katika shule moja ya huku milimani, akaniuliza, "Mwalimu, kitabu hiki kilianza wapi?" Nilimjibu kwamba kilianza ukurasa wa kwanza. Darasa zima lilicheka, ila yeye hakucheka. Swali lake lilikuwa la haki, na jibu langu lilikuwa la uvivu.

Tangu siku ile nimeshika maoni haya, ambayo napenda kuyaweka mbele ya wenzangu mnaojiandaa kwa kazi ya ualimu: kwamba historia ya kutoka kwa kitabu ni sehemu ya somo la kusoma, na kwamba mtoto asiyeijua hukisoma kitabu kana kwamba kilishuka toka mbinguni.

Sisi tunaofundisha Lushoto hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tunacho kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kinasimulia habari za Mbega, mwindaji wa Nguu aliyezaliwa kigego, yaani aliyeota kwanza meno ya juu, akaihama nchi yake, akaingia milima ya Usambara, akaua simba, na mwisho akapewa utawala wa Vuga. Kinaendelea na kizazi chake hata kufikia Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, na vita vya jamaa zake vilivyofuata. Mwandishi mwenyewe hakuwa Mkilindi. Alikuwa mtu wa pwani aliyemtumikia Semboja, mwana wa Kimweri, kule Mazinde. Basi mambo ya kale aliyapata kwa kuwasikiliza wenyeji, na mengi ya siku zake aliyaona kwa macho.

Kitabu hicho hakikutoka kwa siku moja. Kilipigwa chapa kwa sehemu, katika matbaa ya wamisionari wa Kiingereza huko Magila, mahali paitwapo pia Msalabani, chini ya Usambara ya mashariki. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1895, ya pili mwaka 1904, na ya tatu mwaka 1907. Naomba msomaji aifikirie miaka hiyo. Mtoto aliyesoma sehemu ya kwanza akiwa na umri wa miaka 8 alikuwa na miaka 17 alipoipata ya pili, na miaka 20 alipoipata ya tatu. Alikua pamoja na kitabu chake. Tena mwaka huo wa 1895 ndio Wajerumani walipomnyonga Mputa, mfalme wa Vuga. Habari za wafalme zilianza kupigwa chapa wakati ufalme wenyewe unavunjwa.

Baada ya hapo zilipita miaka 55. Nakala za sehemu zile tatu zikawa adimu. Mwaka 1962 J. W. T. Allen, akishirikiana na William Kimweri, walizihariri, na Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki likazitoa pamoja katika kitabu kimoja. Mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiingereza. Uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana, na utawala wa machifu ulikuwa unafikia mwisho wake nchini. Kwa mara ya pili kitabu kilitoka wakati jambo kinalolisimulia linaondoka.

Kutoka kwa vipande si jambo la kwetu peke yetu. Miaka hiyo hiyo, katika nchi ya Japani, Natsume Sōseki, ambaye naye alikuwa mwalimu, alitoa mwezi Januari 1905 hadithi fupi inayosimuliwa na paka. Alikusudia iishie hapo. Wasomaji waliipenda, mhariri akamhimiza, naye akaiendeleza hadi mwaka 1906. Ikatoka katika juzuu tatu kati ya mwaka 1905 na 1907. Hadi leo vijana wa huko husoma riwaya nyepesi zitokazo juzuu baada ya juzuu, wakingojea ijayo kama mkulima angojeavyo mvua.

Mwalimu na ajifunze nini kwa hayo? Kwanza, kungoja ni nguvu ya kusoma. Usiwamalizie watoto hadithi katika kipindi kimoja. Simama pale Mbega anapoiaga nchi yake. Funga kitabu, uwaambie waandike wanayoyatazamia. Katika kipindi cha pili soma jinsi alivyowagawia wenyeji nyama ya porini, nao wakampa vyakula vya shambani. Habari ya simba wa Vuga iweke hadi kipindi cha tatu. Utaona watoto wakikuuliza njiani, nje ya saa za masomo, nini kilitokea. Na mtoto aulizaye hivyo amekwisha kuwa msomaji.

Pili, kila kitabu kiulizwe maswali manne: Nani alisimulia? Nani aliandika? Nani alipiga chapa? Na nani hakuulizwa? Swali la nne ndilo zito. Habari za Wakilindi ni habari za watawala. Mkulima aliyetoa kodi, mwanamke aliyekimbia vita, Mmbugu aliyechunga ng'ombe wake mlimani, hao wangesimulia vingine. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, alitumia maandishi ya Abdallah, lakini pia alikwenda kwa wazee na kusikiliza masimulizi yao. Nasi tuwatume watoto kwa babu na bibi zao, warudi na masimulizi ya kulinganisha. Mwalimu anayekifundisha kitabu hiki kama sheria isiyopingwa amekikosea hata mwandishi wake, ambaye naye alianza kwa kuuliza.

Tatu, sehemu hupotea. Liagize darasa liandike habari za kijiji katika vijitabu vitatu vilivyoshonwa kwa uzi. Kisha kiondoe cha katikati, uwape wenzao wa darasa jingine wasome viwili vilivyobaki. Watakapolalamika kwamba hawaelewi, ndipo uwaeleze kwa nini kitabu hakichanwi, na kwa nini kabati la vitabu lina daftari la kuazimia.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Watasema muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Ni kweli, lakini maswali yale manne hayazidi dakika tano, na masimulizi ya wazee hukusanywa jioni. Watasema Kiswahili cha kitabu hicho ni cha kale. Basi mwalimu akisome kwanza mwenyewe, akisimulie kwa lugha ya darasa, na kuwasomea vifungu vichache kama vilivyo. Watasema, na hili ndilo linalouma zaidi, kwamba shuleni hakuna nakala. Jibu langu ni kwamba mtoto asomaye mahali ambapo vilima vya Vuga vinaonekana, asiwe na hata ukurasa mmoja wa habari za Vuga, amenyimwa haki yake. Hapo mwalimu atafute nakala moja, anakili vifungu vya kutosha kwa mkono wake, na kuviweka darasani. Matbaa ya Magila haikungoja kuwa na sehemu zote tatu ndipo ianze kazi.

Mtoto yule aliyeniuliza sasa ni mtu mzima, na sikupata nafasi ya kumjibu. Ninyi mtakaopanda milima hii na maandalio yenu ya somo mtakutana na mwenzake. Akiwauliza kitabu kilianza wapi, msimwambie ukurasa wa kwanza.