Picha Tatu, Mbingu Moja

Kuna neno limezagaa hapa kwetu Mwambao, kwamba picha yoyote iliyopitishwa katika kompyuta ni picha ya uongo. Mimi silikubali neno hilo, maana linamtia fundi mwaminifu na mghushi katika kapu moja. Haifai. Tuwatenganishe.

Tuuchukue mji wa Lamu kuwa mfano. Mtu akisimama gatini Manda wakati wa magharibi akauelekea mji, jua hulitua nyuma ya nyumba. Jicho, kwa uwezo wake Mola, huona wekundu wa mawingu, na papo hapo huona kuta za mawe na madirisha yaliyoingia kivulini. Kamera haina uwezo huo. Ukiipimia nuru ya mbingu, mji huwa masizi matupu. Ukiipimia nuru ya mji, mbingu huwa nyeupe kama sanda.

Dawa yake ni kupiga picha tatu mfululizo, kamera ikiwa imetulia juu ya miguu mitatu. Ya kwanza ipigwe kwa sehemu moja ya 400 ya sekunde, ya pili kwa sehemu moja ya 100, na ya tatu kwa sehemu moja ya 25. Kila moja hupokea nuru mara 4 ya ile iliyoitangulia. Tundu la lenzi lisiguswe.

Kisha huja kazi ya kompyuta. Kwanza ni kuzilinganisha picha, kwani upepo wa kusi haumwombi mtu ruhusa, na kamera husogea japo unywele. Programu hutafuta alama zilizomo katika picha zote tatu, kama pembe ya dirisha au ncha ya mnara, ikazisogeza na kuzizungusha hata zikalaliana sawasawa. Kingo zilizopishana hukatwa.

Pili ni kuzichanganya. Mnamo mwaka 2007 wataalamu Tom Mertens, Jan Kautz na Frank Van Reeth walieleza njia ambayo kwayo kila nukta hupimwa katika kila picha: ipi ina nuru ya kiasi, ipi ina rangi iliyokolea, ipi inaonyesha mambo kwa udhahiri zaidi. Iliyo bora hupewa fungu kubwa. Programu ya Enfuse, ambayo hupatikana bure, hufuata njia hiyo hiyo.

Hata hivyo mashine haina haya wala busara. Mashua iliyopita wakati wa kupiga itatokea mara tatu kama kivuli cha zimwi. Yapasa fundi aichukue katika picha moja tu. Na mji uking'ara kuliko mbingu iliyoumulika, jueni fundi ameruka mpaka.

Jambo lenyewe si geni. Mfaransa Gustave Le Gray alizipiga bahari za kwao katika miaka ya 1856 na 1857. Vioo vya siku hizo vilipakwa dawa iliyoshikwa upesi mno na rangi ya buluu, kwa hivyo mbingu zilitoka tupu. Akawa akipiga kioo kimoja kwa mbingu na kingine kwa bahari, akaviunganisha penye upeo. Picha yake mashuhuri ya wimbi kubwa la Sète, ya mwaka 1857, ilifanywa hivyo. Lakini mawingu yale yale aliyatumia juu ya bahari zaidi ya moja.

Hapo ndipo penye mpaka. Aliyeunganisha picha tatu za mahali pamoja na saa moja amelirudishia jicho haki yake. Aliyeazima mbingu ya pengine ametoa ushahidi wa jambo asiloliona.

Nasi Waswahili hatuna budi kulijali hili. Mji wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, lakini ukuta wa mawe huporomoka na picha hubaki. Kesho wajukuu watauliza mji ulikuwaje, na jawabu litakuwa picha hizi.

Basi nawaomba wapiga picha wetu, na wahariri wanaozichapisha, mambo mawili. Zile tatu za asili zihifadhiwe, zisifutwe. Na chini ya picha iandikwe waziwazi kuwa imeunganishwa, imepigwa wapi na siku gani. Mkweli haoni uzito kuandika mstari mmoja.