Kuumizwa uwanjani: nani anaweza kusema ilikuwa makusudi?

Siku ya yenga, kisha saa kenda, katika viwanja vya vumbi vya Katuba, Kampemba na Kenya (komini, si inchi), kuna neno moja linalorudia kila mara kijana anapoanguka na kushika mguu: "Ule alifanya makusudi!" Wa upande wa pili wanajibu palepale: "Hapana, alikuwa anafuata mpira." Mwamuzi angali mbali, munganga hayupo, lakini hukumu mbili zimekwisha kutolewa, na hazipatani.

Ugomvi huo hauko Lubumbashi peke yake. Huko Uingereza, polisi na waendesha mashtaka walichukua mwaka mmoja na nusu kujibu swali lilelile juu ya kifo cha mchezaji mmoja, tena katika mchezo ambao watu wengi wa hapa hawajauona hata mara moja: magongo ya barafuni. Wachezaji wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, chenye makali, wanakimbia juu ya barafu na kupiga kwa gongo kitu kidogo cha duara. Kugongana mwili kwa mwili kunaruhusiwa. Afrika mashariki mchezo huo uko Nairobi tu ama karibu, ambako kuna timu inayoitwa Ice Lions.

Tarehe 28 mwezi wa kumi 2023, mjini Sheffield, Nottingham Panthers walikuwa wageni wa Sheffield Steelers. Adam Johnson, Mmarekani wa miaka 29, alikuwa na mchezo mbele yake. Matt Petgrave, Mkanada wa Sheffield, alikuja kwa mbio, akagongana na mchezaji mwingine wa Nottingham, mguu wake wa kushoto ukapanda juu. Chuma cha kiatu kikamkata Johnson shingoni. Watu karibu 8.000 walikuwa wanatazama. Johnson alisimama kidogo, akasaidiwa kutembea, akaanguka. Alifariki.

Kabla polisi hawajasema kitu, video ilikuwa imezunguka dunia nzima. Upande mmoja ulisema: hakuna mtu anayeinua mguu hivyo bila kutaka. Upande wa pili, na wengi wao walikuwa wachezaji wenyewe, walisema: mtu aliyegongwa kwa mwendo ule hatawali miguu yake. Petgrave ni mtu mweusi, katika mchezo ambao weusi ni wachache sana, na matusi ya rangi yalimwangukia. Hilo nalo lisisahauliwe: mara nyingi tunaamua nia ya mtu kufuatana na sura yake, ao jezi yake, kabla hatujaangalia mguu wake.

Tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 2023 polisi walimkamata mtu mmoja, wakimshuku kwa kosa la kuua bila kukusudia. Aliachiliwa kwa dhamana, na dhamana ikaongezwa mara nyingi. Ni tarehe 29 mwezi wa ine 2025 tu ndipo waendesha mashtaka walipotangaza kwamba hakuna mtu atakayeshtakiwa, juu ushahidi haukutoa tumaini la kweli la kupata hukumu mbele ya tribinali.

Sherti neno hilo lisomwe polepole. Waendesha mashtaka hawakusema kwamba waliingia ndani ya moyo wa mtu na kuona hakuna kitu. Walisema kwamba kwa yale yanayoonekana na yanayoweza kuthibitishwa, kosa la jinai halisimami. Kwa sheria, kijana huyo hana kosa. Kwa jamaa ya marehemu, mtoto wao hatarudi. Hayo mawili ni ya kweli pamoja.

Jambo moja kuhusu video. Hapa kwetu simu moja inarekodi, na kwa dakika kumi kila kundi la WhatsApp la mtaa limeiona, tena mara nyingi imepunguzwa mwendo ili "tuone muzuri". Mwaka wa 2016 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi: waliwaonyesha watu video za tendo la nguvu, wengine kwa mwendo wa kawaida, wengine kwa mwendo wa polepole. Wale wa polepole waliona nia zaidi. Sababu inaeleweka hata bila kusoma sana: video ikienda polepole, mutu anaonekana kama alikuwa na wakati wa kufikiri. Uwanjani hakuwa nao. Kwa hiyo video ya polepole ni nzuri kwa kujua mguu uligusa wapi. Kwa kujua mtu alitaka nini, inadanganya.

Basi, nia inaonekana kwa nini? Mara nyingi kwa yaliyotangulia. Kesi ya Todd Bertuzzi, katika mchezo huohuo wa barafuni, inaonyesha vizuri. Mwezi wa pili 2004, Steve Moore wa Colorado alimgonga kapiteni wa Vancouver, Markus Näslund, akamwumiza kichwa. Mwamuzi hakupiga filimbi. Wa Vancouver walisema wazi kwamba deni litalipwa. Tarehe 8 mwezi wa tatu timu zilikutana tena. Bertuzzi alimfuata Moore kutoka nyuma, akamvuta jezi, akampiga ngumi, akamwangukia juu ya barafu. Mifupa mitatu ya shingo ilivunjika. Moore hakucheza tena.

Hapo hakukuwa na nafasi ya kusema "nilikuwa nafuata mchezo", juu mchezo haukuwa pale. Kulikuwa na maneno ya mbele, kulikuwa na mgongo uliogeuka. Bertuzzi alikubali kosa mbele ya tribinali ya Kanada mwishoni mwa mwaka ule, akapewa mwaka mmoja chini ya uangalizi na saa 80 za kazi ya jamii. Hakulala gerezani. Moore aliendelea kudai malipo, na mapatano yalifika mwaka wa 2014 tu, miaka kumi kisha kuvunjwa shingo.

Lakini hata pale nia inapokubaliwa, si kila kitu kimekwisha. Wapenzi wa Manchester United wa Lubumbashi, nao ni wengi, wanamkumbuka Roy Keane. Tarehe 21 mwezi wa ine 2001 alimkanyaga Alf-Inge Haaland wa Manchester City kwenye goti, baba wa huyu Erling wa leo. Chanzo kilikuwa cha 1997, wakati Keane mwenyewe aliumia goti akimchezea Haaland vibaya, na Haaland akamsimamia akisema anajifanya. Keane alipata kadi nyekundu na kufungiwa michezo 3. Mwaka uliofuata kitabu chake kilitoka, na kwa jinsi kilivyoeleza pigo lile, wakubwa wa mpira wa Uingereza walimwongezea michezo 5 na faini ya pauni 150.000.

Watu wengi wanamalizia hadithi hapo: Keane alimvunja, Haaland akaacha mpira. Si hivyo. Haaland alimaliza mchezo ule, na goti lililomsumbua mpaka kuacha lilikuwa la kushoto, wakati pigo lilikuja kwa mguu wa kuume. Kwa hiyo kwa Keane nia inajulikana, lakini kwamba pigo lake ndilo lililokata kazi ya mtu haijulikani. Kwa Johnson ni kinyume: chuma kilichomuua kinajulikana, nia ndiyo haikuonekana. Maswali ni mawili, na kule uwanjani Katuba yanachanganywa kuwa moja. Jeraha likiwa kubwa, watu wanasema makusudi. Jeraha likiwa dogo, wanasema bahati mbaya. Ukubwa wa jeraha hauelezi nia.

Karibu zaidi na sisi, kwa sababu ya Ubelgiji, kuna ile ya tarehe 30 mwezi wa munane 2009, Standard na Anderlecht. Standard ilikuwa na Dieumerci Mbokani wakati ule, mtu aliyepita TP Mazembe, kwa hiyo watu wa hapa waliifuata. Axel Witsel aliruka kufuata mpira, kiatu chake kikashuka juu ya mguu wa Marcin Wasilewski, Mpolandi. Mifupa miwili ya mguu ilivunjika wazi. Witsel, kijana wa miaka 20, alisema hakutaka. Alifungiwa, na baada ya rufaa ikabaki michezo 8. Alipokea vitisho vingi. Wasilewski alirudi uwanjani mwaka uliofuata, na mwaka wa 2016 alikuwa katika kundi la Leicester lililochukua ubingwa wa Uingereza.

Je, Witsel alikusudia? Wabelgiji wanabishana mpaka leo. Ila mwamuzi hakuhitaji kulijibu swali hilo ili atoe kadi nyekundu, na hapa ndipo wapenzi wengi wanakosea. Sheria ya 12 ya mpira wa miguu haiulizi tena nia kwa makosa ya kugongana. Neno hilo liliondolewa katikati ya miaka ya 90. Inauliza mchezaji alicheza namna gani. Akikosa uangalifu tu, ni faulo. Akicheza bila kujali hatari ya mwenzake, ni kadi ya manjano. Akitumia nguvu kupita kiasi na kumhatarisha mwenzake, ni nyekundu. Basi kijana anayepewa nyekundu na kulia "sikutaka" anaweza kuwa anasema kweli, na kadi ikabaki ya haki.

Kuna siku ambapo hakuna cha kubishana. Trésor Mputu, mwaka wa 2010 kule Kigali, katika mchezo wa TP Mazembe na APR kwenye kombe la Kagame, alimshambulia mwamuzi. FIFA ilimfungia miezi 12. Kwa hiyo alikosa safari ya Abu Dhabi mwezi wa kumi na mbili, Mazembe ilipofika fainali ya dunia ya klabu na kupoteza 3-0 mbele ya Inter. Mji huu unajua vizuri bei ya hasira moja.

Na kwa mtoto wa Katuba aliyevunjwa mguu? Sheria ya Kongo ya adhabu, ile Code pénal iliyotoka na dekreti ya tarehe 30 mwezi wa kwanza 1940, inagawanya mambo vizuri. Kuanzia kifungu cha 46 inazungumzia kupiga na kujeruhi kwa kusudi, na adhabu inapanda ikiwa mtu amebaki na ugonjwa ao hawezi kufanya kazi. Kuanzia kifungu cha 52 inazungumzia kujeruhi ao kuua kwa kukosa uangalifu, bila nia. Vifungu hivyo havitaji uwanja wala jezi. Tena kifungu cha 258 cha sheria ya kiraia kinasema, kwa maneno mepesi, kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake sherti airekebishe. Hapo hata bila nia, malipo yanaweza kudaiwa.

Lakini parke haiwezi kukimbilia kila faulo. Waingereza walilipima hilo katika kesi ya Barnes, mchezaji wa mpira wa mtaa aliyehukumiwa kwa kumwumiza mwenzake mguu. Mwaka wa 2004 korti ya rufaa iliifuta hukumu ile. Ilieleza kwamba anayeingia kucheza anakubali hatari za kawaida za mchezo, na kwamba jinai ni ya matendo mazito yaliyotoka nje ya yale yanayotegemewa uwanjani, hata kama sheria ya mchezo imevunjwa. Korti ya Uingereza haimwamuru hakimu wa Lubumbashi. Ila mpaka ule unasaidia kufikiri: faulo mbaya inabaki kwa mwamuzi na kwa EUFLU, pigo la mtu asiye na mpira, aliyegeuza mgongo, linaweza kupelekwa mbele.

Shida ya hapa ni ya chini zaidi kuliko sheria. Mchezo wa mtaa mara nyingi hauna ripoti. Mwamuzi ni kijana wa jirani aliyepewa filimbi, na jioni hajui hata majina. Mguu ukivunjika, mzazi anakimbia na mtoto hopitali, feza inatoka kwa kuchangisha, na karatasi ya munganga inapotea. Kisha miezi miwili anayetaka kudai haki anabaki na video ya sekunde sita na mashahidi wa timu mbili wanaogombana. Majina ya wachezaji, saa, jina la mwamuzi na la watu wawili wasio wa timu yoyote, vikiandikwa jioni ileile kwenye daftari la shule, vinamfaa avoka kuliko kelele ya mtaa mzima.

Sheffield walifanya kitu kimoja bila kungoja jibu la nia. Shirikisho la mchezo wa barafuni la Uingereza lilitangaza siku chache tu kisha kifo kwamba kinga ya shingo ingekuwa lazima katika mashindano yake kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024. Mpira wa miguu nao una kinga yake ya lazima, ile ya mbele ya mguu. Siku ya yenga ijayo, kule Katuba, itatosha kuangalia soksi: kwa watoto wengi hakuna kitu ndani, ao kuna kipande cha karto.