Si Kila Divai ya Marehemu ni Dhahabu

Nyumba nyingi za Ufaransa huwa na uongo wake baada ya mazishi. Warithi hushuka ghalani chini ya nyumba, wakafuta vumbi kwenye chupa ya Bordeaux aliyoiacha baba, wakaizibua. Kila mmoja hupiga funda, na hakuna anayethubutu kusema kwamba anachokinywa ni siki. "Imekomaa hasa," husema mmoja, na wengine hutikisa vichwa.

Uongo huo unalishwa na imani kwamba divai nyekundu huzidi utamu kadiri inavyozeeka. Imani hiyo ni potofu. Sehemu kubwa ya divai nyekundu hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache. Beaujolais Nouveau huingia sokoni Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na mtengenezaji wake hakukusudia ikae miaka. Anayeitunza hadi wajukuu wazaliwe anatunza chupa tu.

Watetezi wa uzee watanitajia Château Latour ya 1961. Sawa. Zipo divai chache zenye tanini na asidi ya kutosha kuvumilia miongo. Lakini hata hizo hulipa gharama. Tanini zinazokaza ulimi divai ikiwa changa huungana taratibu na rangi, zikatua chini kuwa mashapo. Divai hulainika na wekundu wake huelekea rangi ya matofali. Harufu ya matunda huondoka, ikaja ya ngozi, tumbaku na majani makavu. Aliyependa yale matunda amekula hasara.

Na hayo hutokea kwa masharti: giza, nyuzi 12 au 13 hivi mwaka mzima, chupa ikiwa imelazwa ili kizibo kisikauke. Ghala lililopakana na mtambo wa kupashia nyumba joto halitimizi hata sharti moja la maana. Joto huharakisha uzee, kizibo hunywea, hewa huingia, divai hugeuka kahawia na kuchuja. Jina kubwa kwenye lebo halizuii lolote kati ya hayo.

Mwaka 1985, mjini London, mnada wa Christie's uliuza kwa pauni 105,000 chupa ya divai ya Lafite iliyodaiwa kuwa ya 1787 na mali ya Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Ilipowekwa kwenye maonyesho, joto la taa lilikausha kizibo kikatumbukia ndani. Baadaye hata asili yake ikatiliwa shaka. Huo ndio mwisho wa divai inayoabudiwa badala ya kunywewa.

Tunaambiwa kuzibua chupa ya marehemu ni kumkosea adabu. Adabu gani hiyo ya kuacha mali ya mtu ioze mikononi mwako? Simamisha chupa tangu jana yake ili mashapo yatue, imimine polepole, uionje kwa ulimi wako mwenyewe. Ikiwa nzuri, imalizeni papo hapo, kwa kuwa divai kongwe huchoka upesi ikipata hewa. Ikiwa mbaya, iseme kuwa mbaya na uimwage. La kuvunda halina ubani. Mzazi aliyejaza ghala alitaka watu wake wanywe na wafurahi. Kuisifu siki kwa ajili yake hakumwongezei heshima hata chembe.